Sikio la Mzee Kizingiti

Benchi lile liko nje ya duka la Bibi Godoro, limeegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ni tofali. Bibi Godoro mwenyewe halikalii. Yeye hukaa chini mkekani, katikati ya pamba, anashona magodoro kwa sindano ndefu kama mwiko, na wanaokaa benchini wameshazoea kubishana huku jicho moja liko kwenye ile sindano. Wenye benchi ni watatu. Yuko Birika, muuza kahawa, mdogo wake marehemu mume wa Bibi. Yuko Redio, mlinzi mstaafu, anayetangaza habari asubuhi, akazirudia mchana, akazikanusha jioni. Na yuko Nusu Wakili, aliyebeba mafaili mahakamani ujana wake wote mpaka mafaili yakampanda kichwani. Siku hiyo wote walikuwa wamewahi, wamenyoa, wamepaka mafuta, na Redio alikuwa amevaa tai. Mwenye mgeni alikuwa Bibi Godoro, naye alikuwa na gauni lake la kazi na pamba kwenye nyusi.

Mgeni aliyesubiriwa alikuwa anatoka kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Ilikuwa imeamuliwa huko juu kwamba itolewe sarafu ya kumbukumbu, yenye kichwa cha mume wa Bibi Godoro, yule ambaye watu wote walimwita Mzee Kizingiti. Zamani watu wa mtaa ule walikuwa hawaruhusiwi kuingia ofisi ya manispaa kwa mlango wa mbele. Hata ukienda kulipa kodi, unazunguka nyuma, unapita jalalani, unainamia kidirisha. Huyu bwana akaenda akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Akatolewa, akarudi. Akatolewa, akarudi na wenzake. Siku moja askari akamtoa kwa kumvuta sikio, sikio likachanika kama kanga kuukuu, na kesho yake yuko palepale, kafungwa kitambaa kichwani, anawasalimia wafanyakazi mmoja mmoja kwa majina. Mlango ukaishia kufunguliwa, na leo hata mbuzi wanaingia.

Sasa wiki iliyopita walileta mchoro wa ile sarafu, na kwenye mchoro sikio lilikuwa zima, duara, zuri kama kifungo cha koti. Bibi Godoro akaangalia, akauliza huyu ni nani, akakataa kuweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini. Wakamwambia kwa adabu kwamba asipokubali safari hii, basi, hawatalazimisha familia. Kwenye sarafu watachora jengo la manispaa.

— Jengo! — alisema Birika, akimimina kahawa kwa hasira hadi ikapanda kwenye kisahani. — Shemeji, hebu fikiria. Mlango uliomfukuza ndio ukae kwenye hela, halafu kaka abaki nje tena!

— Ndiyo maana hatutakubali jengo, — alisema Bibi Godoro, akivuta uzi.

— Basi weka dole!

— Na sikio la bandia pia sikubali.

— Sasa unataka nini, Shemeji?

— Nataka mume wangu. Ni jambo gumu hilo?

Redio akakohoa, akanyoosha tai. Redio akikohoa ujue anafungua stesheni.

— Mimi nimepata habari kutoka mahali pa uhakika. Sarafu yenyewe ni ya dhahabu.

— Mahali gani?

— Siwezi kusema. Lakini aliyeniambia ana undugu na mtu anayefagia pale.

— Sasa ya dhahabu utanunulia nini? Vitunguu?

— Hainunui kitu, Bibi! Inawekwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini, inaangaliwa. Halafu kila mtu aliyekuwa karibu naye anapewa moja. Ndiyo maana nimevaa tai.

— Wewe ulikuwa karibu naye?

— Bibi, mimi nilikuwa naye siku ile ya sikio! Nilikuwa hapa, yeye pale.

— Siku ile ya sikio, — alisema Bibi Godoro bila kuinua kichwa, — wewe ulikuwa mlinzi wa duka la vyombo, ukajifungia ndani na makufuli.

— Nilikuwa naye kiroho.

Birika akacheka hadi birika likacheza mkononi. Nusu Wakili hakucheka. Yeye alikuwa anasubiri zamu yake, na zamu yake ikichelewa huwa anajipa mwenyewe.

— Mabibi na mabwana. Suala hapa ni la kisheria. Sarafu ikishatolewa na serikali inakuwa fedha halali. Sasa kilichopo juu ya fedha halali ni nini? Ni Mzee Kizingiti. Kwa hiyo Mzee Kizingiti mwenyewe ni fedha halali. Na huyu hapa ni mjane wake. Kwa maana hiyo, Bibi, tangu siku ile itakapotoka, wewe kisheria ni mke wa hela.

— Hee! — alisema Bibi Godoro. — Alipokuwa hai nilikuwa mke wa mtu asiye na hela hata ya chumvi. Angeniambia mapema.

— Na si hivyo tu. Kuharibu sarafu ni kosa la jinai. Mtu akiipiga nyundo, jela. Akiitoboa, jela. Kwa hiyo yule askari aliyevuta sikio…

— Alivuta sikio, hakuvuta sarafu.

— Alivuta kitu ambacho baadaye kimekuwa sarafu! Anashtakiwa kwa kurudi nyuma.

— Yule askari alishakufa.

— Basi kesi yake ni rahisi, hana cha kujitetea.

Birika alikuwa ameacha kumimina, uso umemkunjamana. Ukimwona Birika ameacha kumimina ujue kuna kitu kimemkwama.

— Mimi linanisumbua jambo moja. Mtu anakuja hapa, anakunywa kahawa, ananilipa kaka yangu. Sawa. Namtia mfukoni. Anakuja mwingine na noti kubwa, anataka chenji. Sasa nimrudishe kaka yangu kama chenji?

Hilo lilikuwa zito.

— Usimrudishe, — alisema Redio. — Mwambie chenji huna.

— Tayari huwa anasema hivyo, — alisema Bibi Godoro. — Leo ndio amepata sababu.

— Na mechi je? — Redio akadakia, macho yamemtoka. — Refa anarusha sarafu kabla ya mechi! Kichwa au nyuma! Si atamrusha Mzee hewani mbele ya uwanja mzima?

— Maskini, — alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. — Na alivyokuwa anaogopa kupanda. Hata balbu nilikuwa nabadilisha mimi, yeye ameshika ngazi na macho amefumba.

— Atatua salama, ni chuma, — alisema Birika.

— Atatua kichwa au nyuma? — aliuliza Redio.

— Mzee hakuwahi kuwapa mgongo. Kila akirushwa, atatua kichwa. Timu zitalijua hilo, zote zitachagua kichwa, mpira hautaanza!

— Wataanza kumgombania, — alisema Nusu Wakili, naye sasa amenogewa, amesahau kuwa wakili. — Na ngoja niwaambie baya zaidi. Askari wa barabarani. Dereva kakosea, anateremka, anasalimiana na askari kwa mkono, mnaelewa ile salamu. Ndani ya kiganja kuna nani?

— Mungu wangu! — Birika akaweka birika chini. — Kaka anarudi polisi!

— Kila siku! Mfukoni mwa askari! Bila hati!

— Na safari hii, — alisema Bibi Godoro, — wao ndio watamficha asionekane.

Hapo walicheka hadi mwanamke wa duka la mkaa ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini. Redio alijipiga paja, tai ikamwingia kwenye kahawa, akaikamua, akaendelea. Alisema sikio lililochanika ni hatari kwa sababu mashine za kupokea sarafu zitadhani ni mbovu na kuitema. Birika akasema kaka yake ameshazoea kutemwa, ataingia tu tena. Nusu Wakili akasema kwamba huko juu hawataki sikio lililochanika kwa sababu moja tu: ukichora jeraha lazima uchore na aliyejeruhi, kwa hiyo upande wa pili wa sarafu ungebidi uwe wa yule askari, na mkono wake uchomoze kutoka nyuma ukiwa umeshika sikio la mbele.

— Wahenga walisema… — alianza Redio.

— Wahenga walishasema yao, — alisema Bibi Godoro. — Wewe sema yako, tena kwa kifupi. Mgeni huyo.

Aliyekuja hakuwa mheshimiwa wala hakuwa na gari. Alikuwa binti mmoja mwenye suruali iliyojaa vumbi jeupe, amebeba kifurushi kifuani kama mtu aliyebeba keki. Akasalimia, shikamoo zikamshinda kwa wingi, akachuchumaa mkekani palepale penye pamba. Bibi Godoro alimtazama kucha. Zilikuwa zimevunjika, na kwenye kidole kulikuwa na sugu. Akamwamini kidogo. Mtu mwenye sugu huwa amewahi kufanya kitu.

— Mimi ndiye mchongaji, Bibi. Ule mchoro wa kwanza sikuuchora mimi.

— Nashukuru kusikia.

— Nimewaeleza wakubwa. Nimewaambia sikio lake bila jeraha ni sikio la mtu mwingine. Wamekubali. Nichonge kama lilivyokuwa.

Benchi likalipuka. Birika alimkumbatia Redio. Nusu Wakili akapiga makofi, akatangaza kwamba rufaa imeshinda. Binti akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na duara la plasta nyeupe iliyokauka, kubwa kama sahani ya wali, na juu yake Mzee Kizingiti amechongwa kwa upande, anatazama kulia: pua ile, kidevu kile, ule mdomo wa mtu anayekaribia kusema neno asiloombwa. Alieleza kwamba mashine huko kiwandani inanakili kilichochongwa hapo, inakipunguza mpaka kinakuwa sarafu. Sikio alikuwa ameliacha uvimbe tu, bado halijachongwa. Akatoa kisu kidogo mfukoni.

— Naweza kulimaliza hapahapa, Bibi, huku unaona. Ila mniambie kitu kimoja kwanza. Lilikuwa sikio lipi?

— La Mzee, — alisema Redio.

— La Mzee, ndiyo. La kulia au la kushoto?

Kahawa ya Birika ilikuwa inamiminika, akasahau kuinua mkono, ikajaa, ikamwagika.

— Nina picha zake mbili tu, — alisema binti. — Kwenye moja limechanika la kulia, kwenye nyingine la kushoto. Moja ilichapwa kinyume, kama kwenye kioo, na sijui ni ipi. Amevaa fulana ya shingo ya duara, haina kifungo wala mfuko wa kunionyesha upande, na nyuma yake ukuta mtupu. Nimeshindwa.

— La kulia, — alisema Birika haraka. — Mimi ni ndugu yake. Nilikuwa nakaa hapa, yeye anakaa pale, nalionaga.

— Ukikaa hapo unaona la kushoto, — alisema Redio.

— Kushoto kwangu au kushoto kwake?

— Kushoto kwa… hebu geuka. Hapana, wewe uwe Mzee. Mimi niwe wewe.

— Mimi ndiye mimi, nitakuwaje Mzee?

— Basi mimi niwe Mzee, wewe ubaki wewe, Wakili awe askari.

— Napinga, — alisema Nusu Wakili, huku amekwisha shika sikio la Redio. — Askari alikuwa anatumia mkono gani?

— Wa kulia! Askari wote wanatumia wa kulia!

— Alimvuta kutoka mbele au kutoka nyuma?

— Niachie kwanza sikio!

Walizunguka pale kama kuku waliomwagiwa maji. Ikathibitika la kulia, ikathibitika la kushoto, na wakati mmoja, kwa hoja za Nusu Wakili, ikathibitika yote mawili. Binti aliwatazama kwa subira, halafu akasema polepole, kwa haya:

— Lingekuwa la kulia ingekuwa heri. Mtu akitazama kulia, linaloonekana ni la kulia. Nalichonga, tumemaliza. Likiwa la kushoto, hili duara halifai. Itabidi nianze upya, na kazi inatakiwa Jumatatu. Nikichelewa wana ile picha ya jengo tayari.

— La kulia! — alisema Birika.

— La kulia kabisa! — alisema Redio. — Sasa nakumbuka vizuri!

— Kikao kimepitisha, — alisema Nusu Wakili. — Bibi, weka dole.

Sindano ya Bibi Godoro ilikuwa imesimama katikati ya godoro. Alikuwa anamtafuta mumewe kichwani, na aliyemjia alikuwa yule wa kwenye picha ya ukutani, amegeuka kidogo, masikio yote yamo kivulini. Alijaribu kumleta mlangoni, anaingia na samaki. Akaingia, lakini kichwa kilikuwa ukungu. Alijaribu kumkasirikia, maana wakati wa hasira alikuwa anamwona vizuri zaidi. Wapi. Umelala na mtu, umemzika mtu, umemkaripia miaka yote kuhusu sikio lilelile kwamba alipake dawa, halafu binti wa watu anakuuliza lipi, huna jibu. Ilimuudhi sana. Angekuwa hai angemuuliza, na angekuwa amemjibu kwa mzaha.

Akatazama mikono yake. Ilikuwa imelala mapajani, imejaa pamba, haina wasiwasi wowote.

— Redio, — alisema. — Vua viatu. Lala hapa.

— Nilale wapi?

— Kwenye godoro. Chali.

— Bibi! Watu wanapita!

— Na wapite. Mimi na wewe hata tukifungiwa chumba kimoja hakuna atakayetunga wimbo.

Birika akaziba mdomo kwa taulo la birika. Redio akavua viatu, soksi moja ina dirisha, akalala chali na tai yake kifuani kama maiti wa heshima. Upande wa barabara watu wakaanza kusimama.

— Kichwa huku. Ukuta uko huku. Sogea ukingoni, yeye alikuwa analala ukingoni.

— Kwa nini ukingoni?

— Askari walikuwa wanakuja kumchukua alfajiri. Hakutaka waniruke mimi. Sasa koroma.

— Nikorome?

— Unajua kukoroma, duka la vyombo liliibiwa ukikoroma. Koroma.

Redio akakoroma. Mwanzoni kwa aibu, halafu fani ikamkolea. Bibi Godoro akajilaza upande wa ukutani, magoti yakalia, mwanamke wa mkaa akapiga kigelegele, na vicheko vikajaa barabara nzima. Bibi akafumba macho. Hakumfikiria mumewe hata kidogo. Alifikiria usingizi, na yule mpumbavu anayeuharibu.

Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukapita hewani, ukatua kwenye sikio la Redio la upande wake. Kidole gumba kikapapasa ukingo, juu, chini, kinatafuta ule mpasuko kilimozoea kuingia. Hakikuupata. Kikabana hapohapo kwa nguvu zote.

— Mamaaa!

— Hili, — alisema Bibi Godoro, macho bado kafumba. — Kila usiku. Nikibana, ananyamaza.

Binti akainama juu yao, akahakikisha mara mbili, kwa mkono kwanza, halafu kwa macho.

— La kushoto, — alisema.

Benchi zima likashusha pumzi. Birika akasogea, akanong'ona kama vile binti hana masikio:

— Shemeji, si tungesema la kulia tu? Nani angejua?

— Ningekuwa najua mimi, kila nikinunua chumvi. — Alikuwa bado amelala, sikio la mtu mkononi. — Binti yangu, huyo uliyemleta ni mzuri sana. Pua umeipatia. Lakini anatazama siko. Mgeuze.

Binti akatazama duara lake la plasta. Ilionekana dhahiri kwamba halikuwa kazi ya siku moja. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekoseshwa usingizi siku nyingi, akatoa karatasi na penseli.

— Nitafika Jumatatu, — alisema. — Sitalala, lakini nitafika. Yule baba asiinuke kwanza. Nichore jinsi sikio la kushoto linavyokaa.

— Langu? — Redio akainua kichwa. — Sikio langu linaingia kwenye hela ya serikali?

— Lala!

— Jamani, mmesikia? Sikio langu!

Nusu Wakili alikuwa ametoa sarafu zote zilizokuwa mfukoni mwake, amezipanga benchini, anazikagua moja moja. Uso ukambadilika.

— Ngojeni. Kuna pingamizi. Hawa wote wanatazama kulia. Marais wote, kila mmoja. Huyu akitazama kushoto, ukiwatia mfuko mmoja, si watakuwa wanakutana uso kwa uso?

— Watakutana, — alisema Birika.

— Sasa nani atampisha mwenzake?

Bibi Godoro akatoa dole gumba kwenye sikio la Redio, akalipuliza pamba, akamnyooshea binti.

— Leta wino, — alisema.